Hakuna Anayekwenda Tolliver

Watu wa Ostrander ni waaminifu kupita kiasi. Ukisahau pochi dukani utaikuta kesho yake na noti zako zote ndani. Milango hawafungi, na funguo za magari huziacha zikining'inia palepale kwenye swichi. Lakini hebu waulize wanachuma wapi beri zao. Kuanzia mchungaji mpaka dereva wa basi la shule watakudanganya bila kupepesa macho, na Jumapili hawatatubu.

Beri zenyewe ni ndogo, za zambarau iliyokolea mpaka kukaribia weusi. Wenyewe huziita hakelberi. Watu wamejaribu kuzipanda mashambani wakachoka, maana hazikubali kufugwa. Huota huko juu milimani zinapojitakia zenyewe, na zikiiva mwezi wa Agosti mji mzima hupagawa. Aliye na pahali pake pazuri pa kuchumia hapataji. Hutoka alfajiri, huegesha gari mbali na njia anayoifuata, na akirudi husugua vidole kwa ndimu mpaka rangi itoke. Ukikutana naye na ndoo imejaa, ukamwuliza katoka wapi, atakwambia "huko," na atakuonyesha kwa kidevu upande ambao hakutoka.

Katika sanaa hiyo Ardis Pruitt alikuwa bingwa. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mwanamke mnene wa maneno mengi, na pai zake zilikuwa zikipangiwa foleni kwenye sherehe za mji kila mwaka. Alipokuwa na miaka kumi, mama yake, Hilma Kangas, alimpeleka Mlima Tolliver, akamwonyesha kijiuwanja upande wa mashariki, juu kidogo ya kijito, halafu akamwapisha. Asimwambie mtu yeyote.

"Hata mume utakayempata," Hilma alisema. "Mume leo wako, kesho ana mke mwingine, na huyo mke ana ndoo."

Ardis akaapa. Akaja kuolewa na Delwin, ambaye mpaka leo hajapata mke mwingine, na bado hakumwambia. Kila Agosti alikuwa anaaga kwamba anakwenda kumtembelea binamu yake. Delwin naye hakuwa na maswali, kwa sababu kila msimu wa kuwinda ulipofika alichukua bunduki yake akaenda "kule kaskazini," akarudi na kulungu wa kuwalisha majira yote ya baridi. Walipendana sana hao watu wawili, na kwa jambo hilo moja walidanganyana kwa heshima zote.

Basi ilikuwa mwezi wa Februari, theluji imefika madirishani, Ardis alipoingia dukani kwa Lonnie Bascom, mahali panapouzwa petroli, chambo, kahawa na umbea. Lonnie alikuwa ameegemea kaunta, uso umemshuka.

"Umesikia?" akamwuliza. "Serikali inauza ardhi ya umma."

"Ipi?"

"Wanasema ile isiyotumika tu. Tolliver umo. Mzima, toka darajani mpaka kileleni. Na mnunuzi keshapatikana, kampuni ya hoteli za matajiri. Watu wanataka kuteleza kwenye theluji bila kuangaliwa na akina sisi. Geti litawekwa pale darajani."

"Isiyotumika? Nani kasema Tolliver hautumiki?"

"Sisi."

"Sisi kina nani?"

"Sisi sote, bibie. Unawakumbuka wale vijana wa kiangazi kilichopita, waliokaa hapo nje na kofia za kijani? Wakiuliza kila mtu anapenda kwenda wapi? Ndio walikuwa wanahesabu hao. Tolliver walipata sifuri."

Ardis aliwakumbuka, tena vizuri. Yule binti alikuwa na adabu, na Ardis alimnunulia soda. Halafu akamwambia, "Tolliver? Mwanangu, kule kuna nini? Mawe na nyoka. Hakuna anayekwenda Tolliver." Hilo la nyoka alilitunga papo hapo, na siku ile alirudi nyumbani akijipongeza.

"Wewe uliwaambia unavua wapi?" akamwuliza Lonnie.

"Kanada."

"Lonnie! Wewe hata pasipoti huna!"

"Na wewe uliwaambia nini?"

Ardis akakoroga kahawa yake, ingawa haikuwa na sukari.

Wiki hiyohiyo akaja afisa wa ardhi, bwana mmoja mrefu mwenye huruma usoni, jina lake Teague. Alisimama palepale dukani akawaeleza kwamba mwezi wa Aprili kutakuwa na mkutano wa hadhara, na kila mtu atapewa nafasi ya kusema. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba wanaupenda mlima wao.

"Nisikilizeni," Teague alisema. "Nikipeleka huko juu habari kwamba mnaupenda mlima, watanicheka. Kila mtu anapenda mlima. Nataka mtu asimame aseme, mimi nachuma hapa, mimi navua hapa, mimi nawinda hapa, na aweke alama kwenye ramani. Mahali hasa. Bila hivyo mlima umekwenda, na mimi sitakuwa na la kufanya."

Watu walianza kutazama chambo kwenye majokofu kana kwamba hawajawahi kuona minyoo maishani mwao.

Usiku ule mezani Delwin hakumaliza chakula. Aliisukuma sahani, akashusha pumzi. "Inaniuma, Ardis. Sijui kwa nini inaniuma. Mimi Tolliver kwenyewe sijawahi hata kufika."

"Hata mimi," Ardis akasema.

Wakatazamana, kisha wakainuka kuosha vyombo.

Ukweli ni kwamba Ardis alikuwa anakufa moyo. Haikuwa pai tu. Maisha yake yote alikuwa amepikia watoto wa watu, akaitwa huku na kule, na mwaka mzima alikuwa na pahali pamoja tu ambapo hakuna aliyejua yuko. Alikuwa akipiga magoti kwenye vile vichaka asubuhi na mapema, ukungu bado haujainuka, anakula moja anatia mbili ndooni, na alikuwa na furaha ya kitoto ambayo hakuipata mahali pengine popote. Bila Tolliver hakujua Agosti itakuwa ni kitu gani.

Akaenda kwa mama yake kuomba ruhusa.

Hilma alikuwa amepita miaka themanini na tano, anaishi kwenye nyumba ya wazee nyuma ya kanisa. Miguu ilikuwa imemwacha, ulimi haukumwacha. Ardis alimkuta kwenye kiti chake cha magurudumu akicheza karata na mzee mmoja kiziwi na kumwibia waziwazi.

"Mama, wanauza Tolliver."

"Nimesikia. Punguza sauti. Huyu husikia akitaka."

"Afisa anataka mtu aseme. Nimekuja kukuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kupataja pale petu."

"Hapana."

"Mama, ukiuzwa si tumekosa vyote?"

"Bora wauze." Hilma akatupa karata mezani. "Wakiuza, tumenyang'anywa. Ukisema, umegawa. Kunyang'anywa si aibu."

"Watatia geti!"

"Watie. Matajiri hawachumi, hawajui kuinama. Beri zitakaa zao salama mpaka wafilisike."

"Na mimi nitachuma wapi?"

"Utaruka ua, kama mtu mwingine yeyote mwenye akili."

"Mama, nimeshapita sitini. Na goti langu hili unalijua."

"Basi nunua jamu dukani," akasema Hilma, na akampiga yule mzee karata aliyoitoa kwenye mkono wa sweta.

Ardis alilia ndani ya pikapu kabla ya kuwasha injini, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alimwita mama yake majina ambayo hangeweza kuyarudia mbele ya mtu. Halafu akajifuta, akarudi nyumbani, na miezi miwili iliyofuata akaishi na kiapo chake kama mtu mwenye jino bovu anayeogopa daktari.

Mkutano ulifanyika kwenye kituo cha zimamoto, ndio ukumbi pekee wa kuwatosha. Magari ya zimamoto yalitolewa nje, viti vikapangwa, kahawa ikachemshwa. Ukutani kulikuwa na ramani ya Tolliver kubwa kama mlango wa gereji, na kalamu nyekundu imening'inizwa kwa kamba. Ardis akageuka kutafuta kiti. Mama yake alikuwa mstari wa mbele, kabebwa na gari la nyumba ya wazee, blanketi magotini, na yule mzee kiziwi wa karata kando yake.

"Mama! Umekuja kufanya nini?"

"Kuuangalia mdomo wako."

Alianza mtu wa kampuni, kijana msafi wa kutabasamu, na picha za hoteli ambayo ilikuwa bado haijajengwa lakini tayari ilikuwa na watu ndani yake wanakunywa mvinyo. Alisema wanauheshimu sana mlima. Alisema wanasikitika kuona rasilimali nzuri hivyo imekaa bila mtu kuigusa. Kisha Teague akawakaribisha wananchi.

Akasimama Mchungaji Ekdahl. "Mimi nina rafiki," alisema, "simtaji jina, ambaye huvua samaki kule wakati mwingine."

"Huyo rafiki yako yumo humu ndani?" Teague akauliza.

"Siwezi kusema."

"Anavua sehemu gani?"

"Majini," mchungaji akajibu, akaketi.

Akafuata mama mmoja aliyesikia kwamba kuna ndege wazuri. Akafuata Lonnie, akasema kwamba Tolliver ni mlima wa kupendeza sana ukiutazama kwa mbali. Teague alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kalamu ilikuwa bado inaning'inia kwenye kamba yake, haijaguswa, na yule kijana wa kampuni alikuwa ameshaanza kukunja picha zake.

Ardis alijikuta amesimama. Hakumbuki kuamua. Alisikia mama yake anasonya, akampita hivyohivyo bila kumwangalia, akaenda mpaka ukutani akaishika kalamu.

"Mimi ni Ardis Pruitt," alisema, "na kiangazi kilichopita nilimwambia binti wa watu kwamba Tolliver kuna nyoka. Nilidanganya. Sijapata kuona nyoka hata mmoja kule. Nachuma beri pale tangu nina miaka kumi, na sijawahi kukosa mwaka, hata ule mwaka niliokuwa na mimba ya kujifungua kesho." Akaweka alama. "Ni hapa. Gari unaliacha darajani, unafuata kijito mpaka penye mwamba uliopasuka, halafu unapanda mkono wa kulia."

Baadhi ya watu ukumbini walikuwa wakitafuta kalamu mifukoni waandike.

"Asante sana, Bi Pruitt," Teague akasema. "Kuna mwingine?"

Hakuna aliyeinuka. Mtu wa kampuni ndiye aliyesimama tena, na tabasamu lake.

"Tunamshukuru mama kwa uaminifu wake," alisema. "Lakini tuseme ukweli, hii ni familia moja na vichaka vichache. Kampuni haina roho mbaya. Tutafurahi kumwandikia Bi Pruitt kibali maalumu. Kila mwaka atafunguliwa geti aingie, yeye na ndoo yake."

Ardis shavu lilimwaka moto kama aliyezabwa kofi mbele ya watu. Alikuwa amevunja kiapo, amejivua nguo mbele ya mji mzima, na sasa anapewa ruhusa ya kuingia kwa huruma, na mbaya zaidi kijana yule alikuwa anadhani amefanya wema.

"Kibali?"

Sauti ilitoka mstari wa mbele. Hilma Kangas alikuwa amelitupa blanketi chini.

"Kibali cha kwenda mlimani kwake mwenyewe? Mlima ule ni wake. Ni wangu, ni wa huyu kiziwi, ni wa kila mpumbavu aliyekaa humu ndani. Wewe mtoto ndiye unayehitaji kibali, tena hatukupi! Del! Nisukume."

Delwin akamsukuma mama mkwe wake mpaka kwenye ramani. Hilma akampokonya binti yake kalamu.

"Na pale alipoonyesha huyu," akasema akiugeukia umati, "ni pa watoto. Nilimpeleka pale kwa sababu alikuwa na miguu mifupi. Penyewe ni hapa." Akanyoosha mkono hadi mwisho, akachora duara juu zaidi, nyuma ya ukingo. "Unapita miti iliyoungua, unashuka kidogo. Beri za pale ni kubwa kama zabibu, na hazijawahi kukosa. Mama yangu alichuma pale. Sasa mmeshajua wote, na Mungu awape vidonda vya tumbo."

Ilikuwa kama bomba limepasuka. Delwin aliichukua kalamu kabla mama mkwe hajaiachia vizuri. "Kulungu wangu wote ni wa Tolliver," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Upande huu, kwenye msitu. Hakuna kaskazini yoyote." Akamgeukia mkewe. "Nisamehe, mpenzi. Kila nikienda kuvizia njia zao kabla ya msimu naona nyayo zako. Nilikuwa nazunguka mbali ili nisijue unakwenda wapi."

"Dimbwi la pili chini ya maporomoko!" Lonnie alipiga kelele kutoka nyuma. "Samaki wakubwa hivi!"

"Mwongo mkubwa we!" mtu akamjibu. "Ndiyo Kanada yako hiyo?"

"Na wewe je? Si ulisema unavua baharini?"

"Yule rafiki yangu," alisema Mchungaji Ekdahl akiwa ameshaingia kwenye foleni, "ni mimi."

Foleni ikafika nje, mpaka kwenye magari ya zimamoto. Watu walikuwa wanasukumana kutubu. Wengine walikuta alama ya jirani juu ya mahali pao wenyewe wakaanza kugombana palepale, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyeanza kwenda. Ilipofika zamu ya wa mwisho, ramani ilikuwa imewiva nyekundu. Teague alikuwa anacheka na kufuta macho, na kijana wa kampuni alikuwa anatafuta koti lake.

Mji mzima ulishangilia, isipokuwa Ardis. Yeye alikuwa bado amesimama pembeni ya ramani, akitazama alama mbili, ile ya kwake na lile duara la mama yake. Hazikuwa mbali. Mtu akipiga kelele huku anasikika kule. Maisha yote alikuwa anachuma huku, na mama yake anamwambia, kaa hapahapa usitoke, mimi naangalia kama kuna dubu. Anapotea kwa muda, halafu anarudi na ndoo iliyojaa, na Ardis mtoto, na Ardis kijana, na Ardis mwenye watoto wake, akimsifu mama kwa kuwa na mkono mwepesi.

Alimrudisha Hilma mwenyewe kwa pikapu. "Mimi ni mwanao," alimwambia njiani. "Mji mzima umeambiwa siku ileile niliyoambiwa mimi." Hilma alikuwa amefumba macho, anakoroma, na wote wawili walijua kwamba hajalala.

Mwezi wa Juni habari zikafika. Tolliver umetolewa kwenye mauzo. Lonnie aligawa kahawa bure mpaka mchana, akajutia jioni. Ardis alifurahi kama wengine, akacheza hata na Teague kwenye uwanja wa duka, lakini kwa mama yake alikwenda kwa wajibu tu, akimpelekea nguo safi na kuzungumzia hali ya hewa. Lile duara hakulitaja, na Hilma hakuligusa.

Agosti ilipofika, ni Hilma aliyepiga simu. "Nipeleke," alisema. "Nataka kuwaona hao wezi."

Wakaenda na Delwin, wote watatu kwenye pikapu. Pale darajani, ambapo maisha yote Ardis hakuwahi kukuta gari la mtu, hapakuwa na nafasi hata ya baiskeli. Magari yalikuwa yamepangana pande zote mbili za barabara. Kulikuwa na watu wa Ostrander na watu wasiojulikana, mbwa, vikapu, na familia moja iliyokuja na masufuria. Mchungaji Ekdahl alikuwa ameingia kijitoni mpaka magotini, na hakujificha. Delwin akapata upenyo chini ya mti, akaegesha, kisha akaenda kuongea na Lonnie kuhusu samaki.

"Nenda kaangalie," Hilma akamwambia binti yake. "Mimi nipo hapa."

Ardis alipanda. Goti lililalamika, akaliambia linyamaze. Alipita kijiuwanja chake cha zamani bila kusimama, akapita miti iliyoungua, akashuka kidogo nyuma ya ukingo, na hapo akasimama kuvuta pumzi. Palikuwa pazuri kuliko alivyowaza. Bonde lote lilikuwa chini yake, na vichaka vilifika kiunoni. Beri hapakuwa na hata moja. Vilikuwa vimechumwa vyote, kwa adabu, bila tawi kuvunjwa, na mbwa wa mtu alikuwa amelala katikati.

Alikaa chini akacheka, kisha hakucheka tena. Alikuwa na wivu, na alijionea haya kwa wivu huo, lakini ulikuwepo. Wageni waliotoka sijui wapi walikula kwenye vichaka vya bibi yake kabla yake. Baadaye akainuka, akateremka mpaka kwenye kijiuwanja chake, pale pa watoto, ambapo wapitaji walikuwa wamepadharau. Akachuma kikombe kimoja.

Kule garini Hilma alitia beri mbili mdomoni, akafumba macho. "Hizi ni za kule kwako," akasema.

"Kule kwingine hakuna kilichobaki, mama. Wamemaliza."

"Wote?"

"Mpaka chini ya majani."

Hilma alitazama msururu wa watu wanaopanda. Ardis alingojea matusi, akashangaa hayaji.

"Basi hawataweza kuuuza tena," mama yake akasema. "Nani atadiriki kusema hautumiki?" Akala nyingine. Kisha akasema bila kumwangalia binti yake, "Mimi sikuonyeshwa kule juu."

"Umesema bibi alichuma pale."

"Alichuma. Lakini hakunionyesha. Aliniacha pale pako, akaniambia kaa hapahapa usitoke, mimi naangalia kama kuna dubu. Mwaka wa tatu nikamfuata kwa siri, natambaa kama mwizi. Nilipofika alikuwa amekaa ananingoja. Akasema, umechelewa." Hilma alikuwa anakizungusha kikombe mikononi. "Kwa hiyo na mimi nilikungoja. Nilikuwa natembea polepole. Nilikuwa nakanyaga matawi makusudi, na kukohoa. Kila mwaka nakaa pale juu naangalia njia, nasema mwaka huu atakuja. Wewe hukuja."

"Uliniambia nisitoke!"

"Nilikwambia."

"Ulisema kuna dubu!"

"Ardis, nani anamwamini mtu wa Ostrander akiwa ameshika ndoo?"

Hasira ya miezi yote ilikuwa imemfika Ardis kwenye ulimi, lakini machozi yaliiwahi. Akilini alimwona mama yake akiwa bado na nywele nyeusi, amekaa peke yake nyuma ya ule ukingo na ndoo iliyojaa, mwaka baada ya mwaka, anasikilizia hatua.

"Ungeniambia tu," alisema.

"Ndiyo," Hilma akasema. "Ningekwambia tu. Nilikuwa mjinga."

Wakamaliza beri. Kisha Hilma akagonga kioo cha gari kwa pete yake mpaka Delwin na Lonnie wakasikia, akawaamuru wambebe na kiti chake mpaka kule juu. Walilalamika sana. Lonnie alitaja mgongo wake, Delwin akataja umri. Hilma aliwauliza kama wao ni wanaume au ni picha, na wakambeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, watu waliokuwa njiani wakiwapisha na wengine wakija kusaidia.

Ardis alibaki kando akiwa hajui ashike wapi.

"Tangulia," mama yake alimwambia. "Mimi nakufuata."

Akatangulia. Alikwenda taratibu ili wasiachwe nyuma, na penye matawi makavu hakuyakwepa. Nyuma yake alisikia wanaume wakihema, na mama yake akiwatukana, mpaka walipoipita ile miti iliyoungua.